Jiji Nalo Linahitaji Kadi ya Kliniki (Sehemu ya 9)

Nimetoka zamu, miguu inawaka moto, lakini ahadi ni deni. Leo hatuongelei homa wala uji wa lishe. Tunaongelea picha za mtaani, zile za nyeusi na nyeupe. Usicheke kwanza, nisikilize.

Unaijua kadi ya kliniki. Kila mwezi mtoto anapimwa uzito, nesi anaweka nukta. Nukta moja haisemi mengi. Ukiziunganisha ndipo unaona mstari: mtoto anapanda, amesimama, au anashuka.

Sasa itazame Dodoma yetu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa 1973, tukangoja weee. Lilipokuja tangazo la 2016, Serikali ikaanza kuhamia kweli. 26 Aprili 2018 tukawa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,000 hivi; ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000. Mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kuleta abiria kutoka Dar. Mtoto anayekua kwa kasi hii, jamani, kadi yake iko wapi?

Mwanangu wa kwanza amezaliwa mwaka huohuo wa 2018. Yeye anaamini lami ya mtaani kwetu imekuwepo tangu dunia iumbwe. Siku moja nikamwonyesha picha niliyopigwa mlangoni nikiwa nimembeba. Nyuma yetu kuna mbuyu, mbuzi wanne na tembe la jirani. Leo hapo pana fremu za maduka. Hakuuliza habari za mbuzi. Aliuliza, "Mama, wale watu walienda wapi?"

Waliuza kiwanja wakasogea nje ya mji. Bila ile picha asingejua hata kwamba waliwahi kuwepo. Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Jiji likikua, kuna watu wanafutika taratibu, na hakuna anayeona kwa sababu kila siku tunapita palepale.

Wenzetu wa Unguja walipata bahati. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Mji Mkongwe mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Walipiga watu studio, wakapiga na mitaa. Leo mjukuu anaweza kuona Unguja aliyoishi babu yake.

Kwa nini nyeusi na nyeupe? Mtoto mchanga, wiki za kwanza, anaona vizuri zaidi panapokutana giza na mwanga kuliko rangi, tena kwa sentimita 20 hadi 30 tu, kama kutoka kwenye titi hadi usoni kwako. Ukiondoa rangi, na wewe unatazama hivyo. Mabango hayakuvuti tena macho. Unabaki na sura za watu, kivuli, ukuta wa udongo ukipakana na vioo vya ghorofa.

Fanya hivi:

1. Kila siku ya kliniki, simama mahali palepale upige picha moja. Asubuhi ni bora. Jua letu la saa sita linafanya macho ya watu yawe mashimo.
2. Mtoto akae pembeni kidogo, mtaa nao uonekane.
3. Ukimpiga mama muuza karanga, mwamkie kwanza na umwombe ruhusa. Akikataa, shukuru upite. Na wodini, tafadhali, wagonjwa hawapigwi picha.
4. Kaisafishe. Simu huibiwa, simu hufa. Nyuma andika kwa penseli tarehe, mtaa na majina. Sisi manesi tunasema kisichoandikwa hakikufanyika.

Ziweke kwenye bahasha moja na kadi ya mtoto. Akifika miaka mitano utakuwa na mistari miwili, wake na wa jiji lake.

Tarehe ya kliniki ijayo unayo tayari kwenye kadi. Nenda na simu yenye chaji.

Sehemu ya 10 tutaongelea chanjo ya miezi 9. Usiku mwema, wapendwa.