Shahidi wa Mwendo

Mtu aendaye kwa miguu hana haja ya kuambiwa mwendo wake. Pumzi humwambia, nyayo humwambia, na jasho la paji la uso hushuhudia. Gari halina pumzi wala jasho. Injini yaweza kunguruma gari likiwa limesimama, na gari laweza kuteremka mlima kwa kasi injini ikiwa karibu kulala. Kwa sababu hii gari lilihitaji shahidi, yaani chombo kilichowekwa karibu na kitu kizungukacho kwa kadiri ya magurudumu, kazi yake kuhesabu na kupeleka habari. Mafundi hukiita sensa ya mwendo. Ni kidogo, chaweza kufichwa kiganjani, na wenye magari wengi hawajapata kukiona. Hata hivyo, adabu ya gari zima njiani hutegemea ukweli wa neno lake.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1902 Otto Schulze alipata hataza mjini Berlin kwa kipima mwendo kilichotumika katika magari kwa miaka mingi. Katika magari hayo, waya mnene wa chuma ulizunguka ndani ya ala yake kutoka kwenye giaboksi hadi mbele ya dereva. Huko uliizungusha sumaku ndani ya kikombe chepesi cha alumini. Sumaku ilikivuta kikombe bila kukigusa, kamani ndogo ikakizuia, na mshale ukasimama mahali ambapo mvuto na kizuizi vililingana. Waya ukikatika, mshale ulilala; lakini gari lilikwenda kama lilivyokwenda jana. Aliyekosa habari alikuwa dereva peke yake, naye alikuwa na macho na masikio ya kumsaidia. Hata giaboksi ya kujibadilisha yenyewe ya siku zile haikumtegemea mjumbe huyu, kwa kuwa ilipima mwendo wake kwa vyuma vizito na nguvu ya mafuta yake.

Mambo yaligeuka gari lilipopewa kompyuta. Waya wa kuzunguka uliondolewa, na mahali pake pakawekwa sensa ipigayo mapigo ya umeme. Sensa hizi ni hasa za namna mbili. Ya kwanza ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, na mbele yake hupita gurudumu la meno. Kila jino lipitapo, umeme kidogo huzaliwa katika waya. Sensa ya namna hii huwa na sauti dhaifu gari linapokwenda polepole. Ya pili hutumia jambo aliloligundua Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879, ya kuwa sumaku ikisogezwa karibu na kipande chembamba kipitiwacho na umeme, nguvu nyingine ndogo ya umeme hutokea ubavuni mwake. Hii husema wazi hata gari likitambaa.

Hesabu yake ni nyepesi. Katika magari mengi ya Japani, gia ndogo ya kipima mwendo huzunguka mara 637 kwa kila kilomita, na sensa hupiga mapigo 4 kwa kila mzunguko. Basi kilomita moja ni mapigo 2,548. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa humaliza kilomita moja kwa dakika, na kwa hiyo sensa yake hupiga karibu mara 42 kila sekunde. Kompyuta haioni barabara, haioni miti ikirudi nyuma, wala haisikii upepo. Yote iyajuayo juu ya mwendo ni mapigo hayo. Yakija kwa haraka, gari linakimbia. Yakichelewa, gari linapunguza. Yasipokuja kabisa, kwa imani ya kompyuta gari limesimama.

Wasikilizaji wa shahidi huyu ni wengi. Mshale ulio mbele ya dereva humsikiliza, pamoja na hesabu ya kilomita zilizokwenda. Giaboksi ya kujibadilisha humsikiliza, kisha hulinganisha neno lake na kiasi cha mafuta atakacho dereva, ndipo iamue gia ya kushika. Injini humsikiliza ili ijue kama gari linasogea wakati dereva ameondoa mguu, ikate petroli mteremkoni, na ijiandae kuvuta hewa ya kutosha gari linapokaribia kusimama. Katika magari mengi usukani nao humsikiliza, ukawa mwepesi mahali pa kuegesha na mzito kidogo penye kasi, ili mkono wa dereva usipotoke kwa wepesi.

Mtu akifahamu haya hatashangaa aonapo maradhi yatokeayo sensa inapokufa. Gari la gia za mkono hupata madhara machache: mshale hulala, kilomita hazihesabiwi, na pengine injini huzimika gari linaposimama penye taa za barabarani. Gari la kujibadilisha hupata taabu zaidi. Gia huchelewa kupanda, injini ikalia kwa nguvu bila mwendo wa kulingana na kelele zake. Au gia huingia kwa kishindo mfano wa mtu aliyesukumwa mgongoni. Au kompyuta hushika gia moja ya katikati na kukataa nyingine zote, ili gari lifike kwa fundi bila kujiumiza. Mbaya zaidi ni sensa isiyokufa bali husema na kunyamaza. Aliyenyamaza kabisa hujulikana, na kompyuta huweza kujihadhari naye. Asemaye kweli asubuhi na kupotosha jioni huaminiwa katika yote mawili.

Hapa ndipo maumivu ya mwenye gari yanapoanza. Na tuchukue mfano wa mwalimu wa Dar es Salaam mwenye gari dogo la mtumba kutoka Japani. Gari lake laanza kushtuka likibadili gia. Fundi wa kwanza aliendesha hatua chache, akatikisa kichwa na kusema, "Mwalimu, giaboksi imekwisha. Tafuta nyingine." Bei ya giaboksi hiyo ni karo ya mtoto, na mwalimu hana akiba mbili. Fundi wa pili, mtu mzima wa maneno machache, aliketi kando yake na kusema, "Endesha, mwalimu, nami nitautazama mshale." Gari liliposhtuka, mshale ulianguka hadi sifuri, kisha ukarudi. Mzee hakuhitaji ushahidi mwingine. Giaboksi isiyo na nguvu haiwezi kuuangusha mshale. Lakini mshale na giaboksi vikiyumba kwa wakati mmoja, yafaa kumtafuta yule mmoja avisemeshaye vyote viwili. Sensa ilipofunguliwa ilikutwa imevaa ndevu za unga wa chuma ulionaswa na sumaku, na waya wake umeliwa penye kiungo. Ilifutwa, waya ukaungwa, na gari likapata utulivu wake. Wakubwa husema mjumbe hauawi. Lakini katika gereji hutokea mara nyingi kwamba mjumbe huachwa salama, na aliyepokea ujumbe wa uongo akauawa kwa makosa ambayo si yake.

Ikiwa uchakavu waweza kuleta hasara hiyo, hila ya mtu huleta kubwa zaidi. Mwezi Februari 2004, kanuni zilizotolewa na Waziri John Michuki zilianza kutumika nchini Kenya, na matatu zikatakiwa kuwa na vidhibiti mwendo visivyoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa. Kidhibiti cha umeme hakina macho. Nacho hungoja mapigo. Mwenye haraka ya fedha akiukata waya wa sensa, baadhi ya vidhibiti husadiki ya kuwa gari limesimama, na kwa utii wao wote hawalizuii. Abiria walioketi ndani wameyaweka maisha yao chini ya sheria, na sheria imefungwa kitambaa cha macho. Ndugu wa hila hiyo ni ile ya kurudisha nyuma hesabu ya kilomita ili gari kongwe liuzwe kwa bei ya kijana. Katika hila zote mbili chombo hakikuvunja uaminifu. Mtu ndiye aliyekivunja, kisha akakisingizia.

Tena ni haki kukumbuka mpaka wa shahidi mwaminifu. Sensa huhesabu mizunguko, haihesabu ardhi. Akivisha magurudumu matairi makubwa kuliko yale ya asili, mwenye gari hupiga hatua ndefu zaidi kwa mzunguko ule ule. Duara la tairi likizidi kwa sehemu 5 katika 100, mshale husema 60 gari likiwa katika 63. Sensa haikusema uongo, ila imeulizwa swali moja na jibu lake likatumiwa kwa jingine. Magari ya siku hizi yamepunguza hatari ya kumtegemea shahidi mmoja. Tangu mwaka 1978, Bosch ilipotoa breki za umeme zizuiazo magurudumu kujifunga, desturi ya kuweka sensa penye magurudumu imeenea, na gari lenye mashahidi wanne laweza kumtambua yule anayetofautiana na wenzake.

Basi mwenye gari asiidharau ishara ndogo. Mshale uchezao bila sababu, kilomita zisizoongezeka, injini izimikayo kila penye kusimama, kishindo cha gia kilichoanza juzi: yote haya ni maneno ya mtu mmoja, na hufaa yasikilizwe pamoja kabla fungu la fedha halijafunguliwa. Fundi mwema huanza na kilicho kidogo, rahisi na cha karibu, ndipo aende kwa kilicho kikubwa. Gari hutii liambiwalo. Ni juu ya mwenye kulimiliki kuhakikisha kwamba linaambiwa kweli, kwa kuwa barabarani wako wengine waendao kwa miguu, na hao hawana njia ya kujua ni habari gani imelifikia gari lijalo mbele yao.