Ratili za Ami

Kila mwaka msimu wa kharif unapokaribia, jamaa zetu wa Maskati huanza kupanga safari ya Salalah. Hujadiliwa nyumba ya kupanga, nani atapanda gari la nani, na nani atachukua jukumu la chakula cha njiani. Upepo wa matairi hauzungumzwi, kwa kuwa kila mtu anaamini jambo hilo lilikwisha kuamuliwa zamani. Katika ukoo wetu liliamuliwa na ami yangu, na kanuni yake ni fupi: joto likizidi, punguza upepo.

Naandika haya kwa sababu kanuni hiyo sasa imefika kwa wajukuu. Vijana waliopata leseni juzi huirudia kwa sauti ya babu yao, kisha huingia njia yenye urefu wa kilomita 1,000 hivi, kupitia Adam, Haima na Thumrait, wakati ambapo joto la mchana huko bara huweza kupita nyuzi 45. Gari limejaa watu, mizigo imefungwa juu, na bibi kizee amekaa kiti cha nyuma akivuta tasbihi. Katika hali hiyo hasa, kanuni ya ami ni ya hatari.

Haikutoka hewani, lakini. Ami alikulia Unguja mjini, zama ambazo baiskeli ndiyo iliyokuwa gari la nyumba. Baiskeli ikiachwa juani, na mpira wake wa ndani umejaa viraka, hutokea ukapasuka kwa kishindo watu wakiwa ndani msikitini. Aliyekuwa na akili alitoa upepo kidogo kabla ya kuingia kusali adhuhuri. Alipokuja Oman, baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na jamaa wengi wa Afrika Mashariki kufunguliwa mlango, ami alipokewa na binamu zake wa Sharqiya, watu wa mchanga, nao wakamfundisha kwamba gari halipandi matuta mpaka matairi yatolewe upepo. Mafunzo mawili, moja la baiskeli na moja la mchanga, yakamthibitishia jambo moja. Kila moja lilikuwa sahihi mahali pake. Ila barabara ya lami, kwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa, si uwanja wa msikiti wala si tuta la mchanga.

Adui wa tairi njiani ni kukunjwa. Tairi lenye upepo mdogo hulala. Ubavu wake hujikunja kila sehemu ile inapogusa ardhi, kisha hujinyoosha. Kwa kasi hiyo ya barabara kuu, gurudumu la gari kubwa huzunguka zaidi ya mara 10 kwa kila sekunde. Mtu akiushika waya na kuukunja na kuukunjua upesi upesi, ataona unavyopata moto mkononi; mpira nao ni vivyo hivyo, ila yeye hufanya kazi hiyo saa nzima bila kupumzika, juu ya lami iliyokwisha kuchomwa na jua. Matabaka yake huachana kwa ndani, na dereva haoni kitu mpaka linapopasuka. Kwa hiyo anayetoa upepo ili tairi lisipate joto analizidishia joto.

Upepo wenyewe, ni kweli, huvimba ukipata moto. Kwa gari la kawaida huongezeka karibu ratili moja na nusu kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. (Ami husema ratili, na mimi nimebaki nazo, ndizo hizo PSI zilizoandikwa kwenye vipimo.) Tairi lililotiwa 32 alfajiri linaweza kusoma 37 mchana. Watengenezaji wanalijua hilo, nao wamekwisha kulihesabu: namba wanayoitaja ni ya tairi baridi, yaani gari limesimama saa tatu au zaidi, au limekwenda mwendo mfupi tu. Kuongezeka huko si kosa linalohitaji kurekebishwa.

Hapo ndipo tuliposhikana na ami, kituo cha mafuta cha Haima, safari moja tuliyokwenda na magari mawili. Alikuwa amechutama kando ya gari lake na kipimo mkononi. Kilisoma 37.

"Tazama," akaniambia. "Tano zimezidi. Mpira huu utatuua."

Kumpinga mzee mbele ya watoto wake si adabu tuliyolelewa nayo, na ami ni mtu aliyeendesha jangwani kabla mimi sijazaliwa. Nikamwomba jambo moja tu. "Ami, leo tunalala hapa. Punguza tairi moja, hili la mbele, mengine uyaache. Alfajiri tupime yote kabla jua halijatoka." Akakubali, kwa uso wa mtu anayemridhisha mtoto.

Alfajiri tulipotoka kusali tulipima pamoja. Matairi matatu yalisoma 32, moja lililopungua kwa hesabu ya nusu ratili. Lile la mbele lilisoma 27. Ami alipima tena, kisha akakipigapiga kipimo chenyewe kwenye kiganja. Hatimaye akasema, "Haima kuna wezi wa upepo," akamwita kijana wa kituo alijaze. Mpaka Salalah hakugusa tena kofia ya tairi. Kama angepunguza yote manne na tukaendelea na safari mchana ule, angekuwa anaendesha kwa tairi za 27 huku kipimo kikimwambia 32.

Swali linalofuata ni namba yenyewe itoke wapi. Wengi hutazama ubavuni mwa tairi, wakaona 44 au 51, wakadhani wamejibiwa. Hiyo ni namba ya juu kabisa ambayo tairi lile linaweza kubeba. Haijui limefungwa kwenye gari gani. Namba yako imo kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, au kwenye kitabu cha gari. Mara nyingi magari ya huku huiandika kwa kPa au bar, na hapo watu huchanganyikiwa: 220 kPa ni bar 2.2, na ni ratili 32. Isome karatasi yote. Magari mengi yana safu mbili, moja ya watu wachache na moja ya gari lililojaa, na katika hiyo ya pili matairi ya nyuma huweza kuhitaji upepo mwingi zaidi kuliko ya mbele. Safari ya kharif ni safu ya pili. Sijawahi kuona familia ya Kizanzibari iliyokwenda Salalah na gari jepesi.

Usisahau tairi la akiba. Na kabla ya safari soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa zamani uliokauka hautaponywa na upepo sahihi.

Sasa mchanga, ambako ami ana haki yake kamili. Tunapokwenda kuwazuru jamaa wa Bidiyah na watoto wakataka kuingia matutani, matairi hushushwa mpaka 18 au hata 15. Tairi likilegea hurefuka pale linapogusa ardhi, na uzito wa gari hugawanyika juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Ami hufanya kazi hii kwa sikio: husikiliza mlio wa upepo unavyotoka, na akisimama huwa amekosea kwa ratili moja au mbili tu. Vijana wamtazame. Pia wamtazame anavyogeuza gari huko ndani, polepole na kwa duara pana, kwa sababu tairi lililolegea likikatwa kona kali hutoka kwenye rimu. Jambo wanalolisahau ni kurudi. Kutoka mchangani mpaka nyumbani ni mwendo mrefu wa lami, na kwa 15 tairi halitafika salama. Pampu ndogo ya umeme huchukua muda mrefu kujaza manne ya gari kubwa, watu wamechoka, maghribi imekaribia, na daima kuna mmoja anayesema tutajaza mbele. Bidiyah kuna mafundi wa matairi pale pale pembezoni mwa mchanga. Hapo ndipo pa kujazia, si Ibra wala Maskati.

Binamu yangu aliyeko Uingereza aliniuliza kama haya yanamhusu, naye hana jua wala mchanga. Yanamhusu kwa upande wa pili. Aliyepima upepo siku ya nyuzi 20, kisha ikaja asubuhi ya nyuzi sifuri, amepoteza karibu ratili tatu bila tundu lolote, na hilo ni mbali na ule upepo unaovuja taratibu kila mwezi. Huko ni bora kupima kila mwezi, na mara moja zaidi baridi inapoanza. Walioko Marekani wasiitegemee sana ile taa ya njano. Kanuni ya huko inaitaka iwake upepo unapopungua kwa asilimia 25. Kwa gari la 32, maana yake ni 24, na mtu anaweza kusafiri wiki nzima kwa 26 taa ikiwa imezimika.

Mwaka huu tunaondoka baada ya alfajiri. Kipimo atakuwa nacho ami, kama kawaida, na nimemwomba apime usiku uleule wa kufunga mizigo, gari likiwa limepumzika tangu alasiri. Ameniuliza nifuate safu ipi ya karatasi ya mlangoni.