Tangu Lini?



Soma Marko 9, kuanzia mstari wa 14. Baba amemleta mwanawe anayeangushwa chini na kutokwa na povu. Kabla ya kumponya, Yesu alimwuliza baba yule hali hiyo ilimwanza mtoto lini. Yeye ajuaye yote aliuliza. Na baba alikuwa na jibu.

Leo nakuuliza wewe mzazi: mtoto wako akiugua, una jibu?

Nauliza kwa sababu ya TB ya ubongo. Mtoto mdogo, hasa wa chini ya miaka 5, akivuta vijidudu vya TB, vinaweza kusafiri kwa damu kutoka mapafuni hadi kwenye utando wa ubongo. Chanjo ya BCG anayopewa akizaliwa hupunguza hatari hiyo, lakini haiimalizi.

Ugonjwa huu huja polepole. Homa haiishi, mtoto anatapika, hataki kula, analialia, hachezi tena. Utadhani ni malaria. Siku zinapita, wiki inapita. Kisha shingo inakakamaa, macho yanakwenda kombo, degedege linaanza, mtoto analala asiamke. Matibabu yakianza wakati huo, wengi hubaki na ulemavu, na wengine tunawazika.

Kwa hiyo nenda hospitali mapema, na uende na majibu. Tangu lini? Na nani nyumbani anakohoa, au ametibiwa TB? Awe babu, awe dada wa kazi, awe wewe mwenyewe, sema. Usifiche kwa aibu. Mara nyingi mtoto huambukizwa na mtu mzima anayeishi naye.

Daktari akiomba kutoa maji ya mgongo, usimkimbie. Najua maneno ya mtaani, kwamba sindano ile inapoozesha. Mpendwa, sindano huingia chini kabisa ya mgongo, mahali ambapo uti wenyewe umeshaishia. Kinachopoozesha watoto wetu ni ugonjwa uliocheleweshwa. Maji hayo hupimwa kwa mashine kama GeneXpert, na wakati mwingine mtoto hupigwa picha ya kichwa.

Na kipimo kikisema hakijaona TB, usikimbilie kutoa ushuhuda. Vijidudu huwa vichache mno katika maji hayo, kipimo kinaweza kuvikosa. Daktari hujumlisha yote: siku za homa, dalili, maji, picha, na yule mtu anayekohoa. Akisema tuanze dawa, kubali. Dawa za TB katika hospitali za serikali hapa Kenya ni za bure. Ni za miezi mingi. Usiziache kwa sababu mtoto ameanza kucheza.

Je, kwenda hospitali ni kukosa imani? Luka alikuwa tabibu, na alitembea na Paulo. Isaya aliagiza tini iwekwe kwenye jipu la Hezekia. Mtoto mwenye homa ya siku nyingi usimlete kwanza kwenye kesha. Mpeleke hospitali, unipigie simu ukiwa njiani, nami nitaomba pamoja nawe hadi mlangoni mwa wodi.

Usiku huu, kabla hujalala, sikiliza nyumba yako. Nani anakohoa? Amekohoa tangu lini? Kesho apimwe.

Bwana awalinde watoto wetu. Mtumie ujumbe huu mama mmoja mwenye mtoto mchanga. Amina.