Nilifunga siku tatu, lakini kaka nilimnunia miaka minne

JE, mpenzi msomaji, umewahi kumwomba Mungu akuonyeshe mapenzi yake, ilhali moyoni unayajua kitambo? Mimi nimewahi, na leo sina budi kukusimulia.

Mwaka wa 2019 kaka yangu mkubwa alinikopa Sh40,000 za karo ya mwanawe. Aliahidi kunilipa baada ya miezi mitatu. Miezi ikapita, nami nikadai. Jioni moja tulirushiana maneno kwa simu, maneno ambayo hayafai kuandikwa katika kurasa za familia. Nikaapa sitakanyaga kwake tena. Kila nilipokwenda kwetu Wundanyi, Taita, nilikuwa nikipita mlangoni pake nikiangalia upande wa pili wa barabara.

Hata hivyo, kanisani hapa Nairobi sikukosa. Nilikuwa mwanakwaya, fungu la kumi nilitoa na mikesha ya Ijumaa ilinikuta mstari wa mbele. Ungeniuliza wakati huo kama namtii Mungu, ningeliona swali lako kuwa la dharau.

Mnamo Juni 2023 mambo yangu yalikwama, nikaamua kufunga siku tatu ili Mungu anionyeshe njia. Jioni ya siku ya tatu nikampigia mama simu na kumweleza, nikitarajia anisifu.

"Mwanangu, nawe umeanza mambo ya Shakahola?" akauliza kwa hofu.

Bila shaka wakumbuka, msomaji. Ilikuwa miezi miwili tu tangu makaburi yaanze kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Hatimaye miili zaidi ya 400 ilitolewa humo, ikiwemo ya watoto wengi. Ilielezwa kwamba waumini waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Kiongozi wao alikana mashtaka mahakamani, lakini nchi nzima ilibaki ikijiuliza: utii wa namna gani huu?

Nilimhakikishia mama kwamba yangu ni siku tatu tu na maji nakunywa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema neno lililonikosesha usingizi:

"Chakula umekifunga siku tatu. Mdomo wako kwa ndugu yako umeufunga miaka minne. Mungu akikujibu, atakujibu kuhusu lipi?"

Usiku huo nilifungua Biblia. Katika Mathayo sura ya tano, Yesu anamwambia mtu aliyefika madhabahuni na sadaka, kisha akakumbuka kwamba nduguye ana neno juu yake, aiache sadaka pale pale aende wapatane kwanza. Nayo barua ya kwanza ya Yohana, sura ya tatu, inasema wazi zaidi. Dalili ya kwamba tumevuka kutoka mautini kuingia uzimani ni kuwapenda ndugu. Hasemi tutavuka. Anasema tumekwisha vuka!

Hapo ndipo nilipolitafakari neno "uzima". Biblia yetu ya Kiswahili haisemi "maisha marefu yasiyokwisha". Husema uzima wa milele. Na uzima twaujua. Tukikutana asubuhi twaulizana, "U mzima?" Chungu kizima ni kile kisicho na ufa. Je, mimi niliyepasuka vipande viwili na mtu wa tumbo moja nami, ningedai vipi kuwa na uzima huo? Nilikuwa nikiungoja mbinguni kama mtu angojaye mshahara wa mwisho wa mwezi, kumbe ulikuwa uanze nilipokuwa.

Ijumaa iliyofuata nilipanda basi la usiku, nikashuka Voi alfajiri na kuchukua matatu hadi Wundanyi. Safari hii mlango wa kaka sikuupita. Nilimkuta akikamua ng'ombe. Miguu yangu ilitetemeka. Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu, lakini nilichoweza kusema ni, "Kaka, nisamehe kwa yale maneno."

Alisimama, ndoo mkononi, akanitazama.

"Mbona umekonda hivyo?" akasema. "Ingia ndani unywe chai."

Sitakudanganya, msomaji. Zile pesa hajalipa hadi leo, nami sizidai tena. Wala mambo yangu Nairobi hayakunyooka siku hiyo. Lakini Krismasi ya mwaka huo tulikaa meza moja, watoto wake na wangu wakigombania mapaja ya kuku, na mama akitutazama bila kusema neno.

Mwaka wa 2024 mama alituacha. Mimi na kaka tulibeba jeneza bega kwa bega kwenye njia ile ya mteremko. Nilipokuwa nikilia, jambo moja lilinifariji: naamini nitamwona mama tena, na siku hiyo hataniuliza ndugu yangu yuko wapi.

Sisemi kufunga ni kubaya, la hasha! Lakini tangu hapo ninacho kipimo. Nikisikia sauti iniambiayo hii ndiyo amri ya Mungu, najiuliza inanipeleka wapi. Ikiwa inanitenga na watu wangu na kuwanyima watoto chakula, hiyo si yake. Ikiwa inanirudisha kwa mtu nisiyetaka kumwona, hata kama magoti yanagonga, huenda ndiyo.

Nawe msomaji, leo ni Jumapili. Labda umetoka kanisani sasa hivi, na kuna namba katika simu yako ambayo hujaipiga miaka kadhaa. Wajua ni ya nani.