Siku Tatu Lisbon, na Dhahabu ya Kilwa

Wengi wetu hapa Uingereza tukipata likizo fupi hukimbilia Dubai au Istanbul. Safari hii sisi, mume na mke, tulikata tikiti ya Lisbon, Ureno, kwa siku tatu. Mmoja wetu ni mhandisi wa majengo. Mwenzake, upande wa mamake, ni mtu wa Kilwa Kivinje. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na lake.

La mhandisi lilikuwa Baixa, mtaa wa chini karibu na mto Tejo. Tarehe 1 Novemba 1755 tetemeko la ardhi, mawimbi ya bahari na moto viliuangamiza mji. Walipojenga upya walificha ndani ya kuta fremu za mbao zenye mihimili ya mshazari, wakaziita gaiola, yaani tundu, kama lile la ndege. Ardhi ikitikisika, mbao hunyumbuka na jengo hubaki limesimama. Inasemekana mfano wake ulijaribiwa kwa kuwaamuru askari wauzunguke wakipiga miguu kwa kishindo. Tulizigonga kuta kwa vidole mpaka wenye maduka wakaanza kututazama.

Jumamosi asubuhi tukapanda Feira da Ladra, soko la vitu vilivyotumika, ambalo wengi hutafsiri jina lake kuwa Soko la Mwizi, tena mwizi wa kike. Vigae vya rangi, sahani, redio mbovu, nguo kuukuu, vyote vimetandazwa chini kama mitumba ya Karume. Hatujui Kireno, lakini masikio yalinasa: mesa, bandeira, lenço. Meza, bendera, leso! Hata gereza letu, wataalamu wanasema, linatokana na igreja, neno lao la kanisa. Msomaji apime mwenyewe.

Mchana tukaingia Museu Nacional de Arte Antiga. Ndani ya kabati la kioo imo monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi ili waumini waione. Ni ya dhahabu na rangi za kuchomea, urefu wake sentimita 73 hivi, na mitume kumi na wawili wamepiga magoti katikati yake. Ilikamilika mwaka 1506 kwa amri ya Mfalme Manuel I. Maandishi ya kwenye kitako yanasema wazi kwamba dhahabu yake ni kodi ya Kilwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimtisha Amiri Ibrahim kwa mizinga mpaka akalipa, na mwaka 1503 dhahabu ikafika Lisbon. Mwaka 1505 Wareno walirudi na Francisco de Almeida, wakaupora mji.

Mama watoto alisoma jina la mji wao, akanyamaza.

Kwenye kahawa ndipo tulipobishana. Mhandisi alisifu ufundi: vipande vidogo namna ile, vimeungwa bila darubini wala umeme! "Ufundi wao sawa, baba watoto," akajibiwa, "lakini mali ya nani?" Irudishwe, basi, kwa nani? Dhahabu yenyewe ilichimbwa bara, upande wa Zimbabwe ya leo, ikapitia Sofala. Kilwa walikuwa wafanyabiashara na watoza ushuru. "Hata mwenye duka akiibiwa," mama watoto akasema, "haulizwi kama bidhaa ameilima mwenyewe." Hapo mhandisi akaagiza kahawa nyingine.

Jumapili alasiri tulifika Jerónimos, alikozikwa da Gama. Watalii walipanga foleni kulipiga picha kaburi, sisi tulipita. Tuligundua jambo moja: magofu ya Kilwa Kisiwani yaliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, Jerónimos mwaka 1983. Kaka mtu ni Kilwa! Na watoto wetu, waliozaliwa huku, hawajawahi kufika.

Tikiti za Agosti tumeshakata. Tutavuka kwa boti kutoka Kilwa Masoko, tuanzie kwenye ngome ile ambayo wenyeji huiita Gereza, kisha Husuni Kubwa. Mhandisi ameahidi kutogonga kuta.