Kila Ijumaa Napata Wapi la Kuandika?



Wenzangu wenye maduka hawaniulizi bei ya lasi wala aina ya cherehani ninayotumia. Wananiuliza, "Hivi wewe kila Ijumaa unapata wapi la kuandika?" Kwa asiyenijua, mimi ni mshoni, mtoto wa Unguja niliyeolewa Katesh, chini ya Mlima Hanang. Nashona abaya, magauni ya nikaha na nguo za sanduku. Wateja wangu wako Mbulu, Babati, Kondoa, huko kwetu visiwani, na wachache Muscat. Hawawezi kupita dukani kila siku, kwa hiyo nawatumia barua pepe fupi kila Ijumaa asubuhi. Wiki nisiyoandika, oda hazipigi hodi. Ndiyo maana nalichukulia suala hili kama kodi ya duka.

Naanza na daftari la vipimo. Pembeni ya kifua, kiuno na urefu wa mkono, naandika pia swali aliloniuliza bi harusi. Lasi hii haitaniwasha? Shela litakaaje juu ya hijabu? Shifoni inaonyesha, tutie bitana au nivae gauni la ndani? Swali la mmoja huwa wengine kumi wameliona haya. Hilo la bitana peke yake lilinipa barua tatu, maana Mbulu ni juu, na mwezi wa sita na wa saba baridi yake si ya mchezo. Binti wa pwani akija kuolewa huku na satini tupu, atatetemeka kwenye walima yake mwenyewe. Bitana hiyo hiyo ukimvisha bi harusi wa Unguja wakati wa kaskazi, umempika.

Halafu kuna kalenda, na mimi nafuata mbili. Moja ni yetu: Ramadhani watu wanaulizia nguo za Idi, Mfungo Mosi harusi zinafunguka, karibu na Mfungo Tatu kuna wanaotayarisha nguo za Hija. Nyingine ni ya shamba. Hanang wanalima mahindi, maharage, ngano na alizeti, na Mbulu kuna vitunguu saumu. Ukimwandikia mama wa huku habari za sanduku la bi harusi wakati ananunua mbegu, hata kukujibu hakujibu. Mwandikie maneno yale yale akishauza mavuno.

Majirani nao wananipa mambo. Wanawake wa Kibarabaig unawaona mnadani na sketi zao za ngozi. Mabinti wa Kiiraqw zamani walishona sketi za ngozi na kuzipamba kwa shanga, kazi ya mkono ya subira kubwa. Niliwaandikia wateja wa visiwani juu ya shanga zile, nikashona na pindo la abaya moja kwa mtindo huo, wakapenda. Na nikikwama kabisa nafungua sanduku langu la kanga. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, yule wa Mali ya Abdulla aliyeanza biashara 1887, anasifiwa kwa kuzipa kanga majina. Tangu hapo wenye kanga hawajaacha kutafuta neno jipya, fupi tu, na mnunuzi analisoma kabla hajatazama rangi. Sioni kwa nini barua yangu iwe ndefu kuliko inavyohitajika.

Ila kuna wiki ambayo daftari na kalenda havikunisaidia. Jumapili ya tarehe 3 Disemba 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka mlimani. Katesh, Gendabi na Jorodom zilipigwa, na zaidi ya watu 80 walifariki. Mungu awarehemu. Barua yangu ya Ijumaa ilikuwa tayari, ya lasi za harusi. Niliifuta. Kunyamaza nako sikuweza, maana wateja wa mbali walikuwa wanauliza kama tuko hai. Nikaandika tuliko, na kinachohitajika: kanga, nguo za ndani za wanawake na watoto, taulo za hedhi, sweta. Katika misaada watu hukumbuka unga na mablanketi, na wanaume wanaopokea huona haya kutaja nguo za ndani. Sikuweka bei wala picha ya gauni. Wiki ile nilishona sare za watoto na mashuka, na baada ya hapo sikutangaza harusi mpaka wateja wa hapa hapa walipoanza wenyewe kuuliza.

Sasa nije kwenye visa, ambavyo ndivyo vingesomwa kuliko vyote. Kwa mshoni wanawake husema. Najua nani anaolewa shingo upande, najua mahari ya nani haijafika, na tepu inanionyesha mengine ambayo mdomo hausemi. Kuna anayeniambia, "Badilisha jina tu, nani atajua?" Katesh atajua kila mtu. Ukisema binti wa muuza mbegu aliyeolewa Mfungo Mosi, umeshamtaja. Kipimo cha mtu ni amana, na maneno aliyoyasema akipimwa ni amana vile vile. Kwa hiyo kisa hakitoki mpaka mwenyewe akisome kwanza na aseme ndiyo. Wengi husema hapana, na hapo kinaishia.

Mmoja alisema ndiyo, tena alinihimiza. Gauni lake la nikaha lilikuwa la dada yake. Tulilifumua, tukabadilisha mikono, tukaweka bitana mpya. Akaniambia, "Andika dada, wengine wasione haya kama nilivyoona mimi." Sikupata kujibiwa kama wiki ile. Karibu wote waliuliza jambo moja, kwa hiyo Ijumaa hii inshaallah naandika bei za kufumua na kushona upya, na vitambaa ambavyo havikubali kufumuliwa.