Kidude Kilichobaki Stoo

Mwaka ule ufuta uliuzwa vizuri. Minada ilipokwisha na watu kulipwa fedha zao, waamini wa kigango chetu huku Marambo walitoa sadaka ya mavuno, na sehemu ya sadaka hiyo tukaamua kununulia kompyuta mpakato ya ofisi. Ile ya mezani tuliyokuwa nayo ilikuwa imechoka. Ilizimika katikati ya kazi, na huku orodha ya watoto wa Kipaimara ilikuwa inasubiriwa parokiani. Tulimtuma kijana mmoja wa kwaya, mwimbaji wa besi, aliyekuwa akitusaidia siku zote mambo ya mitambo. Akaenda Masasi, akarudi jioni na kompyuta ndani ya boksi lake, risiti na chenji.

Katibu wetu ni mwalimu mstaafu. Vidole vyake vimekakamaa kwa uzee, na ile sehemu ya kugusa iliyo mbele ya vitufe ilimshinda. Akasema, "Wanangu, nipeni mausi yangu." Tukamletea mausi yake isiyo na waya, aliyoizoea kwenye kompyuta ya zamani. Akaisukuma huku na huku. Mshale kwenye kioo haukusogea.

Tukaanza kutafuta kasoro. Tulibadilisha betri. Tuliigeuza mausi, tukakuta swichi ya chini imewashwa na taa yake nyekundu inawaka. Tulizima kompyuta na kuiwasha upya. Kijana akafungua sehemu ya Bluetooth, akaiamuru itafute vifaa vilivyo karibu. Zikatokea simu zetu, ikatokea na spika ya kwaya, lakini mausi haikutokea.

Wakati tukisubiri, kijana akatuchekesha. Akasema Bluetooth maana yake ni Jino la Bluu, na kwamba lilikuwa jina la utani la Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10. Mfalme huyo aliacha jiwe la kumbukumbu mahali paitwapo Jelling, lililochongwa maandishi ya kwamba ndiye aliyeitwaa Denmark yote na kuwafanya watu wake kuwa Wakristo. Kwa kuwa alikumbukwa kama mtu wa kuunganisha, mafundi wakakipa jina lake chombo cha kuunganisha mitambo. Tulicheka sana habari ya mfalme mwenye jino la bluu.

Siku ya tatu hapakuwa na wa kucheka. Hatukumbuki nani alianza. Mmoja alisema huenda kompyuta yenyewe ni ya mtumba iliyofutwa vumbi. Mwingine akauliza mbona chenji ilikuwa kidogo. Jumapili, wakati wa matangazo, tukamsimamisha kijana mbele ya watu wote aeleze bei. Akaeleza. Akaonyesha risiti. Mmoja wetu akasema risiti mtu yeyote anaweza kuiandika.

Kijana akaweka ufunguo wa kabati juu ya meza, akatoka. Jumapili mbili zilizofuata kwaya iliimba bila sauti yake. Mama yake alikaa benchi la nyuma kabisa, akaondoka kabla ya baraka.

Kazi ikalala, na Kipaimara kilikuwa kinakaribia. Ndipo mjukuu wa katibu, msichana wa sekondari, alipokuja likizo. Alikaa mezani, akaishika mausi, akafungua mfuniko wa betri na kuchungulia ndani.

"Babu, kidude chake kiko wapi?"

"Kidude gani, mjukuu wangu?"

Akatueleza kwamba mausi zisizo na waya si za aina moja. Zipo zinazotumia Bluetooth. Hizo kompyuta huzitafuta yenyewe, ukishaibonyeza mausi ijitangaze. Zipo nyingine ambazo hazina Bluetooth kabisa. Hizo huja na kipokezi chake, kidogo kama ukucha, cha kuchomeka kwenye tundu la USB. Mausi na kipokezi chake hukutanishwa tangu kiwandani, na kwa kawaida huwezi kuchukua kipokezi cha mausi nyingine ukakiweka hapo. Ndani ya mausi yetu, kando ya betri, palikuwa na kijishimo cha kuhifadhia kipokezi hicho. Kilikuwa kitupu.

Katibu akanyamaza. Kisha akasema taratibu, "Stoo."

Tukaenda stoo na tochi ya simu. Kompyuta ya zamani ilikuwa nyuma ya magunia, imefunikwa kitenge. Mgongoni mwake, katikati ya matundu yenye vumbi, kidude kilikuwa kimechomekwa vilevile kama tulivyokiacha. Tukakichomoa, tukakifuta, tukakichomeka kwenye kompyuta mpya. Baada ya muda mfupi mshale ukasogea.

Hakuna aliyepiga makofi. Kompyuta haikuwa na ubovu wowote. Mausi nayo ilikuwa nzima. Tuliohamisha mausi na kusahau kipokezi chake ni sisi.

Mausi ya kwanza ilibuniwa kule California na Douglas Engelbart na wenzake, miaka ya 1960. Ilikuwa kiboksi cha mbao chenye waya kama mkia, na jina la panya likaishikilia. Mausi yenye mkia haikusumbui: ukitaka kujua imefungwa wapi, unafuata waya. Isiyo na waya imefungwa pia, ila kifungo chake hukioni.

Jioni ile pale stoo tulijitambua. Miaka michache kabla ya hapo, fedha za mabati ya kanisa zilipotea mikononi mwa mtu mwingine kabisa. Hatukuwahi kulimaliza jambo lile. Hatukukaa, hatukuulizana, hatukusameheana. Tulilifunika tu kama ile kompyuta. Kijana aliporudi kutoka Masasi na risiti yake, macho yetu yalikuwa kwake, lakini mioyo yetu ilikuwa bado inasikiliza kutoka stoo.

Usiku uleule tulikwenda nyumbani kwao, watu wanne. Mama akatutandikia mkeka. Mwenyekiti akasema, "Mwanetu, tumekukosea. Kosa lilikuwa letu." Akaeleza habari ya kidude, bila kuficha kitu.

Kijana alikaa kimya, kisha akajibu, "Nilikuwa bado natafuta, ninyi mkawa mmeshapata."

Mama yake akaongeza, "Mlimsema mchana mbele ya watu. Kuomba radhi mmekuja usiku."

Hatukuwa na la kujibu. Jumapili iliyofuata, wakati uleule wa matangazo, mwenyekiti akasimama pale aliposimamishwa kijana, akaomba radhi kwa niaba yetu sote. Aliyesema maneno ya risiti naye akasimama, bila kuitwa. Kijana alirudi kwaya wiki ile. Ufunguo hakuupokea upesi. Ulikaa mezani kwa katibu hadi karibu na Noeli, na hatukumlazimisha. Tulijifunza kwamba msamaha unaweza kutolewa siku moja, na imani ikachukua miezi kurudi.

Ndugu wapendwa, katika sura ya 18 ya Injili ya Mathayo, Bwana anatufundisha kumwendea ndugu kwanza tukiwa naye peke yake. Sisi tulianza na umati, tukaishia faraghani. Tulichunguza betri, swichi na risiti ya mwenzetu. Kitu pekee tusichokichunguza kilikuwa stoo kwetu. Pengine na wewe unaye mtu mpya, mkwe, mwalimu au katekista, unayemwona hafai, kumbe bado umechomekwa kwa aliyekuumiza zamani. Kabla hujamsimamisha mbele za watu, chukua tochi uingie stoo.

Mwenyezi Mungu atusaidie kuuliza kabla ya kusema, na tunapokosea mchana, tusione haya kutubu mchana.